Bahari ya Mzee Oreste Ndani ya Plastiki

Binti yangu Neema ameniambia kwamba ninyi vijana wa kanisani mnataka kujua nilikuwa nafanya kazi gani miaka yote ile kule Downsview, Toronto. Wengine mlidhani mimi ni seremala, kwa ajili ya vumbi la mbao lililokuwa kichwani mwangu kila jioni. Mmoja wenu, simtaji, alidhani natengeneza majeneza. Nilikuwa naweka picha kwenye fremu. Haya, chekeni mmalize, halafu tuendelee. Na najua nikiwaandikia Kiswahili mtanijibu Kiingereza, lakini kuelewa mnaelewa, kwa hiyo sina huruma nanyi.

Karakana yetu ilikuwa katikati ya maghala, upande mmoja watu wa matairi, upande wa pili watu wa milango ya gereji. Mwenyewe alikuwa Mwitaliano, Tullio, mzee wa mikono mipana na hasira za dakika moja moja. Mimi kwetu Morogoro nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa Tullio niliingia kufagia. Kiingereza chake kilikuwa cha kwao na changu cha kwetu, lakini tulielewana kuliko ndugu wengi ninaowajua.

Somo lake la kwanza lilikuwa kunawa. Mnadhani mnajua kunawa? Sisi ni watu wa kujipaka mafuta, na baridi ya huku nayo inavyochubua ngozi, mkono wa Mswahili haukauki mafuta mwaka mzima. Tullio alinipa karatasi nyeupe niishike, kisha akaiinua dirishani, na vidole vyangu vyote vikaonekana pale kama vimepigwa muhuri polisi. Kuanzia siku hiyo mafuta nilipaka nikitoka kazini, na saa za kazi mikono yangu ilikuwa ya kenge.

Somo la pili: picha ya karatasi haibandikwi, inaning'inizwa. Unaishika juu tu, kwa vipande vidogo vya karatasi laini na gundi ya wanga wa ngano unayoipika mwenyewe kama uji, halafu unaiachia ining'inie, kama kanga kwenye kamba. Karatasi inanyonya unyevu wakati wa joto na inasinyaa tukiwasha hita. Ukiibana pande zote inakunjamana. Na kioo kisiiguse kamwe, ndiyo maana tunaweka katikati ile kadi nene yenye dirisha, mnayoiona ikizunguka picha.

Kuna mzee mmoja wa Kihindi kutoka Mississauga, mzaliwa wa Dodoma, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wanafunzi wangu wote, aliniletea picha ya duka la baba yake. Ilikuwa imewekwa moja kwa moja kwenye kioo tangu walipohama, na uso wa baba ulikuwa umegandamana nacho. "Mama, nisaidie," akasema, "baba yangu amenasa." Tuliipiga picha upya kupitia kioo kilekile, na baba hatukumbandua. Kuna mambo unayaacha yalivyo, na kujua ni yapi huchukua miaka.

Msidhani Tullio hakukosea. Aliwahi kuweka kwenye fremu mchoro wa kisasa, madoa na mistari tu, akaupeleka kwa mteja ukiwa kichwa chini miguu juu. Mteja alipenda sana. Alisema sasa ndipo ameuelewa. Tullio alirudi akiwa mwekundu masikioni, akanionya nisiseme kwa mtu, na nimekaa na siri hiyo hadi amekwenda zake kupumzika kwao, kwa hiyo sasa nasema.

Nilipoanza, dirisha la kadi tulilikata kwa mkono, kwa rula ya chuma na wembe uliolazwa mshazari. Kona nne, na ukipitiliza kona moja kwa upana wa unywele, kadi nzima unaitupa. Baadaye ikaja mashine ya kompyuta, unaandika vipimo, inakata huku wewe unakunywa chai. Tullio aliinunua kisha akaichukia. Mimi niliipenda toka siku ya kwanza, maana bega langu lilikuwa limeshaanza kulalamika. Msimwamini mzee anayewaambia kila cha zamani kilikuwa bora. Huyo hakuumwa bega.

Sasa nije kwenye jambo la laminesheni, kwa sababu kosa hili ni letu, halifanywi na watu wengine. Waulizeni wazazi wenu. Ulipopata cheti kwetu, mama alikikimbiza mjini kwa kijana mwenye mashine. Kikapitishwa kwenye moto katikati ya plastiki mbili, kikatoka kigumu kinang'aa. Mvua haikiwezi, mende hakiwezi, mtoto mwenye uji mkononi hakiwezi. Kwetu, ukiona kitu kimepigwa laminesheni, jua kuna mtu anakipenda.

Mwishoni mwa baridi moja, theluji imebaki vichuguu vyeusi kando ya barabara, alikuja karakanani Wambui. Ni Mkenya wa Nyahururu, muuguzi wa nyumbani, nilimfahamu kwenye ibada. Alikuwa na kitu kipana amekifunga shuka.

"Auntie, nataka frame poa kabisa," akasema. "Hii ni ya Mzee. Amenipea mwenyewe."

Mzee huyo nilikuwa nimemsikia. Alikuwa mchoraji, Mwitaliano, Oreste, aliyeishi kwa binti yake mtaa wa pili, na Wambui ndiye aliyemhudumia: kumwogesha, kumpa dawa, kumtembeza. Wambui alimwita Mzee, naye mwenyewe alidhani ni cheo kikubwa cha wasanii wa Afrika, akakipokea kwa heshima zote.

Akafungua shuka. Kwanza niliona taa zetu zote za darini zimelala mezani. Nikainama, nikasogea kushoto, nikasogea kulia, ndipo nikaona chini ya mng'ao ule kuna bahari.

"Wambui, nani amekifanya hivi?"

"Mimi!" Alikuwa anajivuna kabisa. "Nilipeleka kwa duka ya printing pale Mississauga, waka-laminate. Si unajua hii ni kitu ya maisha, auntie?"

Tullio alitusikia akatoka nyuma. Aliitazama, akavua kofia, akaketi kwenye stuli. "Wamemzika akiwa hai," akasema. Wambui akaanza kutuangalia mmoja mmoja, na ile furaha ikawa inamtoka usoni kidogo kidogo. Ilibidi nimweleze. Nilimweleza kwamba plastiki ile ina gundi, na gundi ile imeyeyushwa ndani ya karatasi kwa moto, na mwaka hata mwaka itaigeuza njano na kuila.

"Lakini Mzee anakuja Sunday ya next week!" akasema. "Anakuja lunch kwangu. Anasema anataka kuona bahari yake tena, kabla macho ifunge."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Mzee Oreste alikuwa na ugonjwa wa macho unaoanzia katikati. Ukimtazama usoni hakuoni, ila akigeuza kichwa pembeni kama kuku, anakuona. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hata huko pembeni kunakuja kufungwa. Tullio alinyanyua ile picha dirishani. Sisi wenye macho mazima tuliona dirisha, maghala na nyuso zetu. Yeye angeona nini?

Niwaambie kuhusu mzee huyu, kama Wambui alivyotusimulia akiwa amekaa juu ya boksi la vioo, machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Alizaliwa mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Italia, mama yake akifua mashuka ya hoteli. Alipopevuka aliajiriwa na kiwanda cha kuchapa lebo za makopo ya nyanya, na walichapa kwa mawe. Ndiyo, mawe. Unachora juu ya jiwe laini kwa chaki yenye mafuta, unalilowesha maji, halafu unalipaka wino. Wino unashika penye mafuta na unakataa penye maji. Mafuta na maji hayapatani, na kazi nzima imesimama juu ya ugomvi huo. Picha ya namna hiyo ndiyo lithografu, na kila rangi ina jiwe lake.

Basi Oreste mchana alichapa nyanya, na tajiri akiondoka alichora bahari. Bahari zake zilikuwa za kisasa: hakuna chombo, hakuna mtu, hakuna ufuko, ni mikanda tu ya buluu na kijivu na weupe wa karatasi yenyewe pale penye povu, na juu yake anga. Akaenda Milano, na kwa miaka kadhaa watu wakubwa walimgombea. Kisha wakachoka na bahari wakataka vitu vingine. Yeye hakubadilika. Akarudi kwao, akafundisha watoto wa shule kuchora, akamzika mkewe, na binti akamleta Toronto.

Bahari hii alikuwa amebaki na karatasi moja tu. Nyingine zilitawanyika, na jiwe lake lilisuguliwa likachorwa lebo mpya, maana ndivyo mawe yanavyotumika. Kwa hiyo haiwezi kuchapwa tena. Na kwa nini akampa Wambui? Kwa sababu siku ya kwanza Wambui alipoiona ukutani alivuta sweta lake akasema, "Hapa kuna baridi." Mzee alisema Milano nzima hakuna aliyewahi kulisema hilo, na ilikuwa ni Januari alipoichora, vidole vimekufa ganzi. Wambui alipopata nyumba, Mzee akamfungia bahari kwenye karatasi ya zawadi.

Tullio alimpigia simu mama mmoja, mtaalamu wa kutibu karatasi, aliyefanya kazi na makumbusho. Alikataa kuahidi lolote. Alisema kazi kama hiyo huchukua miezi, na mara nyingine karatasi huondoka na plastiki. Hata hivyo alikuja, Wambui naye akiwepo. Akailaza picha chini ya taa ya pembeni, akazunguka meza. Halafu akanyoosha kidole. Juu ya bahari, chini ya plastiki, kulikuwa na mabaka mabaka ya fedha, kama mba.

"Hapa gundi haikushika," akasema. "Huyu mchapaji alitumia poda?"

Wambui akaruka. Mzee alikuwa amemsimulia kwamba kiwandani walinyunyiza poda juu ya kila karatasi mbichi ili wino usigande na karatasi ya juu yake, na alivyorudi nyumbani mweupe kichwani mama yake akawaambia majirani kwamba mwanawe anafanya kazi kwa mwoka mikate. Basi ile poda, pamoja na wino mzito wa mafuta, ndiyo iliyoizuia gundi. Bahari ilikuwa imejikinga yenyewe. Ila pembeni, penye karatasi tupu, gundi ilikuwa imezama barabara.

Tuliifanya kazi sote watatu, milango wazi kwa sababu ya harufu ya dawa za yule mama, tumevaa makoti. Mama huyo alishika pembeni na vijiti vya pamba, Tullio akashikilia plastiki, na mimi nikapewa bahari. Somo lenu ni hili: plastiki usiivute juu, ilaze nyuma, ikunjike juu ya mgongo wake mwenyewe, na chini yake upitishe kipande chembamba cha mfupa uliolainishwa, polepole, ukisimama kila ukisikia ukinzani. Iliachia kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa kwa mbali. Buluu ya kwanza ilipotoka hewani, isiyong'aa, nzito, Tullio alisema neno la kwao ambalo siwezi kuliandika kwenye karatasi ya kanisa. Mimi nililia, na sikuona haya.

Tulikuwa tumebakiza ukingo wa chini. Yule mama alipaka dawa, akangoja, akapaka tena, akainua. Ikaachia vizuri sana. Ilipokwisha kuachia ndipo tukaona kwamba sahihi ya Mzee Oreste, iliyoandikwa kwa penseli chini ya bahari, haiko kwenye karatasi. Ilikuwa kwenye plastiki. Yeye mwenyewe, mtaalamu, alikaa chini akashika kichwa, nikamletea chai.

Wambui alipokuja kuichukua alifurahi mpaka akamkumbatia Tullio, jambo ambalo watu hawafanyi. Kisha akaona chini patupu.

"Auntie," akasema polepole, "wewe ulikuwa teacher. Una mwandiko poa. Si ufuatishe tu kutoka kwa plastic? Hataona."

Sitawadanganya, lilikuwa jambo rahisi. Penseli ilikuwa sikioni mwangu, sahihi ninayo mbele yangu, na mwenyewe haoni katikati. Tullio akajifanya anatafuta misumari.

"Hataona, ndiyo," nikamwambia. "Lakini wewe utakuwa unaiona kila siku ukipita sebuleni. Mficha uchi hazai, Wambui. Mwambie."

"Atakasirika, auntie. Hatataka tena nimshike."

"Akikasirika, utakuwa umemkasirisha kwa ukweli."

Alinikasirikia mimi kwanza. Aliondoka bila kuaga, na picha akaniachia, akisema niilete mwenyewe kama najua sana.

Niliipeleka. Jumapili hiyo nyumba ya Wambui ilinukia chapati. Mzee Oreste alikuwa ameshafika, mtu mwembamba ndani ya koti la suti, kaketi mezani anakula mukimo, viazi vya Wakikuyu vilivyopondwa na mahindi, na kusema ni polenta, ugali wa kwao, iliyokwenda shule. Fremu nilikuwa sijaifunga mgongo, na kioo sikukiweka, kwa makusudi, ili aione karatasi yenyewe kwanza. Niliisimamisha kwenye kiti karibu na dirisha.

Aliinuka. Akasogea mpaka pua ikawa karibu kuigusa, akageuza kichwa upande, akaanza kuipitia kutoka kushoto kwenda kulia. Wambui alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo anakikamua, na kilikuwa kikavu. Mzee akarudi tena kushoto, akaanza upya. Nikajiwazia, haoni. Tumechelewa.

"Gino!" akasema ghafla.

Tukatazamana.

"Ona hapa." Kidole chake kilisimama hewani mbele ya kijimstari cha kijivu kilichopinda, ambacho mimi niliyeishi na picha ile siku zote zile nilidhani ni wimbi. "Gino wa kiwandani alipiga chafya. Tulikuwa tunaweka karatasi juu ya jiwe la kijivu, akapiga chafya, karatasi ikateleza. Mjinga yule! Tazama, ipo!" Akacheka mpaka akashika kiti.

Alikuwa anaona. Kama hamjawahi kushusha mzigo wa kuni kutoka kichwani baada ya mlima, sijui niwaeleze vipi nilivyojisikia. Niliketi tu kwenye sofa la watu bila kukaribishwa.

Wambui akapiga moyo konde. "Mzee," akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, kile cha upole, "jina lako limetoka. Ni mimi." Akamweleza yote, plastiki, duka, moto, na vyeti vya kwao.

Mzee alisikiliza akiwa amemgeuzia sikio.

"Cheti chako cha uuguzi," akauliza, "nacho umekiweka kwenye plastiki?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hii uliipeleka mahali palepale?"

"Ndiyo."

"Milano," akasema, "kuna tajiri alinunua bahari yangu akaitundika chooni." Akamgeukia Wambui. "Wewe uliiweka pamoja na vyeti. Nipe penseli."

Nilimpa yangu. Niliitoa picha nikailaza mezani, tukasukuma masufuria. Alikunja mkono wa shati, akainamisha uso moja kwa moja juu ya karatasi, na hapo nikajua kwamba sasa, akiitazama hivyo, haoni kitu. Mkono ukapapasa, ukapita ule ukingo mweupe wa chini, ukapanda juu ya povu, ukapanda bahari yote. Nilifungua mdomo. Wambui akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu za mtu anayeinua wagonjwa.

Akaandika katikati ya anga. Oreste, herufi kubwa, zikiteremka upande wa kulia, na akavuta mstari chini yake kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Imekaa sawa?" akauliza.

Wambui aliinama akaitazama kwa makini.

"Imekaa mahali pake, Mzee," akasema, na akamwongezea mukimo.